Thomas Cranmer na Ibada Yetu ya Ndoa

Jumapili nyingi hapa kanisani kwetu tunasikia majina ya wawili wanaotaka kuoana yakitangazwa, mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu, nasi sote tunaulizwa kama yuko mtu ajuaye kizuizi. Baadaye tunakuja na nguo zetu nzuri, tunawasikia wakiahidiana mbele ya Mungu na mbele yetu, tunaona pete ikivishwa, kisha tunakwenda kula pilau. Wachache kati yetu hujiuliza utaratibu huu ulitoka wapi, na nani aliuandika.

Sehemu kubwa ya ibada hiyo, kama sisi Waanglikana tulivyoipokea, iliandikwa na mtu mmoja, Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury katika Uingereza. Nimeona vema niwasimulie maisha yake. Nawaonya mapema kwamba si maisha ya mtakatifu asiye na doa. Ni maisha ya mwanachuoni mpole na mwoga, aliyewekwa kuwa hakimu wa ndoa za wakubwa huku ndoa yake mwenyewe akiificha. Lakini Mungu alimtumia, nasi tunakula matunda ya kazi yake mpaka leo.

Sheria aliyoikuta

Ili tumwelewe Cranmer, kwanza tujue sheria ya ndoa ilikuwaje alipozaliwa. Kwa miaka mia nyingi Kanisa la Magharibi lilikuwa limejadiliana ni kitu gani hasa kinachofanya ndoa. Je, ni baraka ya padre? Ni mahari? Ni ruhusa ya wazazi? Ni kulala pamoja? Katika karne ya 12 wanasheria wa Kanisa walilishughulikia sana jambo hili, na Papa Alexander wa Tatu, aliyetawala tangu 1159 hata 1181, aliliimarisha jibu hili: ndoa hufanywa na hiari ya wawili wenyewe. Mwanamume na mwanamke wakitamka kwamba wanachukuana sasa kuwa mume na mke, basi wameoana, hata kama hapakuwa na padre wala shahidi.

Fundisho hilo lilikuwa na wema mkubwa, kwa maana lilimlinda binti asiozwe kwa nguvu. Lakini lilileta taabu pia. Watu walioana kwa siri, shambani au nyumba ya pombe, kisha mmoja akakana. Mahakama za Kanisa zilijaa kesi za namna hiyo. Kwa hiyo Mkutano Mkuu wa Kanisa uliofanyika Lateran, Roma, mwaka 1215, uliamuru kwamba ndoa zitangazwe kwanza kanisani. Matangazo yetu ya Jumapili yana mzizi wake hapo. Mkutano huohuo ulipunguza vizuizi vya udugu, kutoka vizazi saba hadi vinne. Hata hivyo vizuizi vilibaki vingi, na mwenye haja aliweza kuomba ruhusa maalum kwa Papa. Na kwa upande wa mapadre, mkutano mwingine wa Lateran, wa mwaka 1139, ulikuwa umetamka kwamba ndoa ya padre si ndoa kabisa.

Kijana wa Aslockton

Thomas Cranmer alizaliwa tarehe 2 Julai 1489 katika kijiji cha Aslockton, wilaya ya Nottingham. Baba yake alikuwa mtu mwenye heshima lakini mali yake haikuwa nyingi, na shamba lilikuwa la kurithiwa na mwana wa kwanza. Thomas akapelekwa kusoma. Mwaka 1503 aliingia Cambridge, katika chuo kiitwacho Jesus College. Hakuwa mwanafunzi wa mbio. Alichukua miaka minane kupata shahada yake ya kwanza, mwaka 1511. Sisi tuliofundisha tunawajua watoto wa namna hiyo, wanaosoma polepole lakini wakishashika hawasahau.

Alipata nafasi ya ualimu chuoni, kisha akaipoteza kwa sababu alioa. Kanuni ya chuo haikuruhusu mwalimu wa daraja lake kuwa na mke. Mkewe aliitwa Joan. Cranmer hakuwa padre bado, kwa hiyo hakuvunja nadhiri yoyote. Alichagua mke akaacha nafasi, akatafuta kazi ya kufundisha mahali pengine. Furaha yao haikudumu. Joan alifariki katika uzazi wa kwanza, na mtoto akafa pamoja naye. Chuo kilimrudisha mjane huyo, naye akajitia katika vitabu, akapata upadre, na mwaka 1526 akawa daktari wa teolojia. Kama mambo yangaliendelea hivyo, leo hakuna ambaye angalimjua.

Shauri la Mfalme

Wakati huo Mfalme Henry wa Nane alikuwa na neno zito moyoni. Mwaka 1509 alikuwa amemwoa Catherine, binti wa wafalme wa Hispania. Catherine alikuwa mjane wa Arthur, ndugu mkubwa wa Henry, aliyefariki mwaka 1502 akiwa na umri wa miaka 15, miezi mitano tu baada ya arusi. Kwa kuwa sheria ilikataza mtu kumwoa mke wa ndugu yake, Papa Julius wa Pili alitoa ruhusa maalum. Watoto wao walikufa wachanga, ila Mary, aliyezaliwa 1516. Henry alitaka mrithi mwanamume, tena alikuwa amempenda Anne Boleyn. Akaanza kusema kwamba ndoa yake ilikuwa kinyume cha neno la Mungu.

Tazameni jinsi shauri lilivyokuwa gumu. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 18 na ya 20, kinakataza kumtwaa mke wa ndugu, nacho kinataja adhabu ya kukosa watoto. Lakini Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, linamwagiza ndugu wa marehemu amtwae mjane asiye na mwana ili amwinulie nduguye uzao. Jambo hili si geni kwetu. Katika makabila yetu mengi desturi ya kurithi mjane ilikuwa ikijulikana, na wazee wa Kanisa walipata taabu nayo. Catherine kwa upande wake aliapa kwamba yeye na Arthur hawakuwa mwili mmoja, na kwamba yeye ni mke halali wa Henry.

Papa Clement wa Saba hakuweza kumridhisha Henry. Ingalimpasa kutamka kwamba Papa aliyemtangulia alikosea. Zaidi ya hayo, mwaka 1527 majeshi ya Kaisari Charles wa Tano yaliuteka mji wa Roma, na Charles alikuwa mtoto wa dada yake Catherine. Kesi iliyofunguliwa London mwaka 1529 iliahirishwa pasipo hukumu.

Mwaka huohuo, ugonjwa ulipoingia Cambridge, Cranmer alihamia Waltham kwa jamaa zake, akakutana huko na washauri wawili wa Mfalme. Katika mazungumzo ya mezani alitoa wazo lake: kwa kuwa jambo lenyewe ni la maana ya Maandiko, waulizwe wataalamu wa teolojia katika vyuo vikuu vya Ulaya. Mfalme alifurahi sana. Tangu siku hiyo mwalimu yule wa Cambridge hakuwa tena mtu wake mwenyewe.

Askofu Mkuu mwenye mke

Mwaka 1532 alitumwa Ujerumani kuwa balozi kwa Kaisari. Katika mji wa Nuremberg alizoeana na Andreas Osiander, mhubiri wa Kilutheri, na huko akaoa mara ya pili. Mke huyo, Margarete, alikuwa jamaa ya mke wa Osiander. Safari hii Cranmer alikuwa padre, na kwa sheria ya Kanisa alilolitumikia, ndoa hiyo haikuwa kitu. Yeye aliamini mbele ya Mungu kwamba ni ndoa. Hakuitangaza.

Miezi michache tu baadaye Askofu Mkuu Warham wa Canterbury alifariki, na Mfalme akamwita Cranmer nyumbani ashike kiti chake. Hakukitamani, lakini hakukataa. Tarehe 30 Machi 1533 aliwekwa wakfu, akiapa kumtii Papa huku akiwa ametoa kwanza tamko kwamba kiapo hicho hakitamzuia kuifuata sheria ya Mungu na ya Mfalme. Bunge lilikuwa limekwisha kukataza kesi za ndoa kupelekwa Roma. Mlango ulikuwa wazi.

Mwezi wa Mei alifungua mahakama katika mji mdogo wa Dunstable. Catherine, aliyekuwa akikaa karibu na hapo, alikataa kufika mbele yake. Tarehe 23 Mei Cranmer alitamka kwamba ndoa ya Henry na Catherine haikuwa halali tangu mwanzo. Siku tano baadaye alitamka kwamba ndoa ya Henry na Anne, iliyofanywa kwa siri mwezi Januari, ni halali. Na tarehe 1 Juni akamvika Anne taji. Mwezi wa Septemba alizaliwa Elizabeth, na Cranmer alikuwa baba yake wa ubatizo. Papa alitoa hukumu yake Machi 1534, nayo ilikuwa upande wa Catherine. Mama huyo alikufa Januari 1536, hajalikana neno lake.

Mimi naamini kwamba Cranmer alihukumu kama alivyoelewa Maandiko. Lakini yaliyofuata yanatuhuzunisha. Mwaka 1536 Mfalme alimchoka Anne, akamshtaki kwa uzinzi. Cranmer alimwandikia Mfalme barua akionyesha mshangao wake na heshima aliyokuwa nayo kwa malkia huyo, kisha akaimaliza kwa unyenyekevu. Tarehe 17 Mei alitamka kwamba ndoa ile aliyoithibitisha yeye mwenyewe haikuwa ndoa. Siku mbili baadaye Anne alikatwa kichwa. Msomaji atauliza: kama hakuwa mke, alizini vipi? Swali hilo halikujibiwa. Mwaka 1540 ndoa nyingine ya Mfalme, ya Anne wa Cleves, ilibatilishwa baada ya miezi sita. Sheria ya ndoa, iliyokusudiwa kuwalinda wanyonge, ilikuwa imegeuka fimbo mkononi mwa mwenye nguvu.

Wakati huohuo Margarete aliishi kwa kificho. Mwaka 1539 Bunge lilipitisha Sheria ya Vifungu Sita, iliyowakataza mapadre kuoa kwa adhabu ya kifo. Cranmer aliipinga bungeni, akashindwa, akampeleka mkewe kwao Ujerumani. Adui zake baadaye walieneza hadithi kwamba alikuwa akimsafirisha ndani ya sanduku lenye matundu ya kupumulia. Wanahistoria hawaisadiki hadithi hiyo, lakini dhihaka yake inaonyesha aibu aliyobebeshwa mwanamke yule, mke wa askofu mkuu asiyeweza kuitwa mke.

Kalamu ya mjane

Henry alikufa Januari 1547, akarithiwa na Edward wa Sita, mtoto wa miaka tisa. Sasa Cranmer aliweza kufanya kazi aliyoitamani. Mwaka 1549 Bunge liliruhusu mapadre kuoa, na Margarete akatoka gizani. Mwaka huohuo, siku ya Pentekoste, Kitabu cha Sala cha Kiingereza kilianza kutumika katika makanisa yote ya Uingereza.

Katika ibada ya ndoa Cranmer hakutupa ya zamani yote. Viapo vya bwana na bibi arusi vilikuwa vimesemwa kwa lugha ya watu tangu kale, kwa maana mtu hawezi kuahidi neno asilolielewa. Hivyo alivihifadhi, akavitengeneza. Zamani watu walifungishwa ndoa mlangoni pa kanisa, ndipo wakaingia kwa Misa. Yeye aliwaleta ndani, katikati ya watu. Pete, iliyokuwa ikivaliwa mkono wa kuume katika utaratibu wa zamani wa Uingereza, aliihamishia mkono wa kushoto, na huko ndiko iliko mpaka leo.

Lakini badiliko kubwa zaidi lilikuwa katika mausia ya mwanzo, yanayoeleza kwa nini Mungu aliweka ndoa. Walimu wa Kanisa, tangu Mtakatifu Augustino, walikuwa wamefundisha habari za watoto, za uaminifu na za kifungo kisichovunjika, tena habari za kujikinga na uasherati. Cranmer aliyaweka hayo: kwanza watoto walelewe katika kumcha Mungu, pili kinga ya dhambi. Kisha akaongeza sababu ya tatu, kwamba mume na mke wawe wenzi, wasaidiane na kufarijiana, katika neema na katika shida. Martin Bucer, mwanachuoni wa Ujerumani aliyekuwa akifundisha Cambridge, alishauri hiyo ya tatu iwekwe ya kwanza. Haikuwekwa, lakini katika kitabu kipya cha ibada cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1980 ndiyo ilitangulia.

Nifikirivyo mimi, maneno hayo hayakutoka vitabuni tu. Aliyeyaandika alikuwa amemzika Joan na mtoto wao kwa siku chache, na alikuwa ametengwa na Margarete kwa miaka kadhaa. Alijua faraja ya ndoa kama mtu mwenye kiu ajuavyo maji.

Tena hakusahau ndoa zilizovunjika. Yeye na wenzake walitunga kitabu cha sheria mpya za Kanisa. Kwa kitabu hicho, ndoa za siri zisizo na idhini ya wazazi zisingalihesabiwa. Na aliyeachwa na mwenzake mzinzi, au aliyetoroka, au aliyehatarisha maisha yake, angaliweza kupewa talaka na mahakama ya Kanisa, na asiye na hatia akaoa au kuolewa tena. Mwaka 1553 kitabu kilipelekwa Bungeni, na Duke wa Northumberland, aliyekuwa na nguvu kuliko wote, akakikataa. Kilipigwa chapa mwaka 1571, lakini hakikuwa sheria kamwe. Kwa hiyo Kanisa la Uingereza likabaki na sheria ya zamani, ya kutengana bila kuoa tena. Bunge liliruhusu talaka katika mahakama ya serikali mwaka 1857. Na Kanisa lenyewe lilikubali mwaka 2002 tu kwamba mtaliki, kwa sababu maalum, aweza kufungishwa ndoa kanisani mwenziwe wa zamani akiwa hai.

Mkono motoni

Edward alifariki Julai 1553, na Mary akawa malkia. Huyu ndiye binti wa Catherine, ambaye hukumu ya Dunstable ilimfanya mtoto wa nje ya ndoa. Bunge lake la kwanza lilitamka kwamba ndoa ya mama yake ilikuwa halali. Mapadre waliooa walifukuzwa makanisani mwao, na wengi wakalazimishwa kuachana na wake zao. Cranmer alifungwa, akashtakiwa uhaini, kisha uzushi. Miongoni mwa mashtaka aliyosomewa Oxford mwaka 1555 lilikuwemo hili, kwamba ameoa mara mbili. Hakukana.

Mzee wa miaka 66, mpweke, aliyelazimishwa kutazama marafiki zake wakipelekwa kuchomwa, alivunjika moyo. Alitia sahihi karatasi moja baada ya nyingine, akiikana imani yake. Hata hivyo hakusamehewa. Tarehe 21 Machi 1556 aliletwa kanisani Oxford ili atubu mbele ya watu wote. Badala yake aliyakana yote aliyoyaandika kwa hofu, akasema kwamba mkono uliotia sahihi utaadhibiwa kwanza. Moto ulipowashwa, aliunyosha mkono wake wa kuume katika ndimi za moto, akaushikilia humo. Mtu aliyeogopa maisha yake yote hakuogopa saa ile.

Margarete alibaki hai, pamoja na watoto wao, Margaret na Thomas. Baadaye aliolewa na Edward Whitchurch, mmoja wa wapiga chapa wa Kitabu cha Sala. Elizabeth alipopata ufalme, kitabu hicho kilirudishwa mwaka 1559, na ibada ya ndoa ndani yake.

Kutoka kwao hata kwetu

Wamisionari wa Kianglikana walikuja pwani yetu na kitabu hicho mikononi. Krapf wa CMS alifika Mombasa mwaka 1844, na Askofu Tozer wa UMCA alifika Unguja mwaka 1864. Hapa walikuta maswali ambayo Cranmer hakuyawaza, ya mahari na ya wake wengi. Maaskofu waliokutana Lambeth mwaka 1888 walikataa mwenye wake wengi asibatizwe mpaka atakapoishika sheria ya Kristo. Mwaka 1988 mkutano kama huo ulikubali kwamba aweza kubatizwa pamoja na wakeze na watoto walioamini, mradi asiongeze mke mwingine, tena jamii ya Wakristo wa mahali pale ikubali, wala wake zake wasifukuzwe na kupoteza heshima na riziki. Mnaona basi kwamba Kanisa halijaacha kujifunza. Kristo alilotuwekea ni moja. Sisi tunalielewa polepole, kama mwanafunzi yule wa Cambridge.

Tunapata fundisho gani? Kwanza, tusidharau matangazo. Yaliwekwa kwa sababu watu walidanganywa na kuachwa. Mwenye kujua kizuizi aseme mapema kwa Padre, asingoje kunong'ona baada ya arusi. Pili, wazazi tukumbuke kwamba hiari ya wawili ndiyo kiini, wala mahari haiwezi kuinunua. Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, tusiwe wepesi kuitumia sheria ya ndoa kumpendeza mkubwa na kumwumiza mnyonge. Cranmer alifanya hivyo. Anapokuja kwetu mama aliyeachwa, au kijana ambaye ndoa yake imevunjika, tumsikilize kwanza kabla ya kumhukumu. Huenda anabeba nyumbani mwake jambo asiloweza kulitaja, kama Askofu Mkuu alivyolibeba lake.

Na safari ijayo mtakapokaa kanisani kusikiliza mausia ya ndoa, yakifika pale penye kusaidiana na kufarijiana, mkumbukeni aliyeyaandika, na Joan, na Margarete. Kisha kila aliye na mwenzake amtazame aliyeketi karibu naye, amshukuru Mungu kwa ajili yake.